Rejista, Saa na Mstari wa Kugawanya

Kakuma

Kitu cha kwanza nilichoomba kuonyeshwa Kakuma ni rejista ya mahudhurio. Mwalimu wa gredi ya nne alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kukaguliwa mara nyingi, kisha akanisogezea daftari lililochakaa pembe. Kambi hii ya wakimbizi ipo Turkana tangu 1992, ilipopokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na kila vita vilivyofuata katika ukanda huu vimeileta sehemu yake ya watu: Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wasudan Kusini wa makabila ambayo kwao hayalali mtaa mmoja. Watoto wao wote wanasoma mtaala wa Kenya. Darasani mle walikuwa zaidi ya mia, watatu watatu kwenye dawati, na waliokosa dawati walikaa sakafuni mbele kabisa, karibu na ubao kiasi cha kupakwa chaki.

Nilianza na safu ya tarehe za kuzaliwa. Wengi mno walizaliwa Januari 1. Mzazi asipokumbuka tarehe, au akiikumbuka kwa msimu wa mvua, karani huandika Januari 1 na foleni inasonga. Waliokuwa na tarehe kamili nao walikuwa na vituko vyao. Mtoto wa Kiethiopia mmoja alionekana kwenye daftari kuwa kijana wa kuoa, kumbe mwaka wake ulinakiliwa kutoka kalenda ya Ethiopia, ambayo iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Hakuna aliyefanya hesabu ya kuuhamisha. Mtoto akapangiwa kikundi cha wakubwa, akakaa nacho kimya mpaka mama yake alipokuja shuleni na mkalimani.

Majina ndiyo yaliyomtoa jasho mwalimu zaidi. Msomali huandika jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo jina la tatu si la ukoo wa Kizungu linalorithiwa na kila mtu nyumbani. Warundi nao huwapa watoto majina kila mmoja lake: Niyonkuru na Irakoze wanaweza kuwa tumbo moja, baba mmoja mama mmoja, na kwenye karatasi hakuna herufi inayowaunganisha. "Mwanzoni nilidhani wananidanganya," mwalimu aliniambia. "Wanakuja wawili wanasema ni ndugu, wanataka sare kwa pamoja, majina hayafanani hata kidogo. Nikawafukuza." Alijifunza kutoka kwa mama mmoja wa Kirundi aliyekuja kumweleza taratibu, bila ugomvi, nje ya mlango. Tangu siku hiyo ameongeza safu yake mwenyewe ya penseli: mtoto anaitwaje nyumbani, na nani ni nduguye. Safu hiyo haipo kwenye rejista rasmi. Mkaguzi alishawahi kumwambia aifute.

Siku ya pili nilikaa kwenye kipindi cha Kiswahili. Somo lilikuwa saa. Watoto wa Kidinka na Kinuer walikuwa wamekwama, kwa kuwa saa ya ukutani inaonyesha saba na mwalimu anasema ni saa moja asubuhi. Akarudia, akachora jua linachomoza, hawakuelewa. Nyuma kulikuwa na msichana wa Kiethiopia aliyekuwa akicheka peke yake. Kwao saa huhesabiwa hivyo hivyo, kuanzia mapambazuko. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na maswali ya ufahamu yalimshinda, lakini saa aliijua kuliko wote mle ndani, na mwalimu alikuwa na akili ya kumpa chaki. Alifundisha kwa dakika kumi hivi, kwa vidole na mchanganyiko wa lugha ambao sitajaribu kuuandika. Nusu ya darasa ikashika.

Hisabati ilikuwa kipindi kilichofuata, na hapo ndipo nilipotaka kukaa wiki nzima. Swali: 156 gawanya kwa 12. Mtoto wa Kenya, kama wa Tanzania, anaiweka 12 kushoto, 156 anaifunika kwa alama, jawabu linakwenda juu. Mvulana wa Kikongo aliiandika 156 kushoto, akashusha mstari wima, 12 akaiweka kulia kwa mstari, na jawabu, 13, akaliandika chini ya hiyo 12. Ndivyo wanavyofundishwa wanaofuata shule ya Kifaransa na Kibelgiji, kuanzia Lubumbashi hadi Bujumbura. Jawabu sahihi, njia sahihi, na daftari lake lilikuwa na misalaba ya kalamu nyekundu ukurasa baada ya ukurasa. Tarakimu yake ya moja ina mkia mrefu unaopanda, hivyo mwalimu msaidizi aliisoma saba. Nukta ya desimali kwake ni mkato: mbili na nusu anaandika 2,5. Akiongeza sifuri mbili na kuandika 2,500, mwalimu wa Kenya anaona elfu mbili na mia tano. Mtoto huyo alikuwa ameandikwa "mzito wa hisabati" kwenye ripoti ya muhula.

Nilimwomba ruhusa mwalimu, nikamwita mvulana ubaoni aonyeshe njia yake. Watoto wengine wa Kikongo na Kirundi wakaanza kuguna kwa kukubali, kwani ndiyo waliyoiacha kwao. Mwalimu, namsifu kwa hili, hakuona haya. Aliiacha ile hesabu ubaoni pembeni mwa yake na kuwaambia watoto wachague. Jioni, kwenye chai, akaniambia kuwa chuoni alisoma mada nzima ya elimu jumuishi na nyingine ya amani na utangamano. Zilizungumzia kuheshimiana, kushirikiana, kuvumiliana. Hakuna aliyewaambia kwamba namba zinaandikwa tofauti.

Nairobi

Mjini nilikaribishwa katika shule ya kulipia iliyokuwa na siku ya tamaduni. Watoto walivaa shuka, leso, ngozi bandia na shanga zilizonunuliwa wiki hiyo. Palikuwa na chapati, matoke, mukimo na keki yenye ramani ya Afrika. Palipendeza kwa kweli, wazazi walipiga picha, na mlinzi wa getini, Mmasai kwa kuzaliwa, aliombwa asogee kidogo asizibe bango.

Sikuona ubaya mkubwa katika sherehe. Ubaya ni kwamba Jumatatu yake niliketi darasani kwa watoto hao hao na hakuna kilichobaki.

Kenya inayazungumza mambo ya tamaduni na makabila kwa sauti kuliko sisi Watanzania, na ina sababu. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa mwaka 2008. Mtaala wa umilisi, ulioanza kitaifa 2019, una somo la lugha za kienyeji kwa gredi za chini. Mabishano ya mavazi yamefika mahakamani: katika kesi iliyotoka Isiolo, Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuvaa hijabu shuleni mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kuwa msichana wa Kirasta asifukuzwe kwa sababu ya nywele zake. Kitambaa na nywele vina mawakili. Mkato wa desimali hauna.

Nakivale

Uganda imewapokea wakimbizi Nakivale, kusini-magharibi, tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipoanza kuja Watutsi kutoka Rwanda. Kwa hiyo kuna familia zilizozeeka pale, na mkimbizi analima kipande chake cha ardhi jirani na Mnyankole. Shule ni za pamoja na mtaala ni wa Uganda. Tangu 2007 mtaala huo unataka lugha ya mahali itumike madarasa matatu ya mwanzo, lakini lugha ya mahali ni ipi darasani kwenye Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Wanyankole? Shule nilizoona zimeamua Kiingereza kuanzia siku ya kwanza.

Matokeo yake ni wavulana wenye sauti nzito wakiimba herufi pamoja na watoto wa miaka sita. Kijana mmoja alikuwa amefika darasa la sita kwao Kivu, kwa Kifaransa. Nakivale aliwekwa darasa la pili. Hisabati ya darasa la pili anaweza kuifanya usingizini. Kinachompungukia ni Kiingereza tu, ila shule haina namna ya kumpandisha kwa somo moja na kumshusha kwa lingine.

Nililolipenda ni wasaidizi wa walimu. Ni wakimbizi wenyewe, wengine walikuwa walimu kwao, wanaokaa pembeni mwa darasa na kufasiri pale somo linapokatika. Yule niliyemwona alifasiri kwa Kiswahili cha Kongo, chenye "batoto" badala ya watoto, na nilishangaa Wasomali wawili kumfuata vizuri. Waliishi Nairobi kabla ya kuja. Serikali ya Uganda iliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na walimu wengi wa Kiganda bado wanakiogopa. Pale Nakivale kinafanya kazi kila asubuhi bila kusubiri waraka.

Kasulu

Nyumbani, basi. Kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na nilikipata baada ya kupanda ngazi nyingi. Kambi ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo kutoka Kivu Kusini. Warundi waliongezeka tangu 2015.

Tanzania imechagua njia isiyofanana na ya Kenya wala ya Uganda. Nilipokuwa pale, watoto wa Kikongo walisoma mtaala wa Kongo, watoto wa Kirundi mtaala wa Burundi, na nje ya kambi watoto wetu walisoma wa Tanzania. Hoja ni kwamba mkimbizi atarudi kwao, na akirudi asianze upya. Sikuja nikiipenda hoja hiyo, lakini lazima niseme nilichokiona. Katika shule ya Wakongo hakuna aliyekatwa maksi kwa mstari wima. Mwalimu anaitwa jina lake, wimbo wa asubuhi ni wa kwao, mtoto anajibu kwa kujiamini. Yule kijana wa Nakivale angekuwa hapa angekuwa darasa lake halali, bila kuimba herufi na watoto wadogo. Walimu wenyewe ni wakimbizi, na kila mmoja anajua kwa nini mtoto fulani hukumbatia begi akisikia mlango unagongwa kwa nguvu.

Gharama yake iko upande wa pili wa barabara. Wenyeji wa Kasulu ni Waha, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana: Muha na Mrundi wanapatana bei ya muhogo bila mkalimani. Watoto wao huchota maji na kuchunga karibu karibu. Shuleni hawakutani kamwe. Niliuliza darasa la tano la shule ya kijiji, watoto wa Kiha watupu, kama kuna anayemjua mtoto yeyote wa kambini. Walinyanyua mikono wengi. Nikauliza wanajua nini kuhusu wao. Nilisikia kuhusu wizi, nikasikia kuhusu kuni, nikasikia kwamba Mrundi hula bila chumvi. Mwalimu wao alitoka Moshi, hakujua Kiha wala Kirundi, na alikuwa akimwadhibu kwa kufagia yeyote aliyezungumza kilugha darasani. Watoto wa darasa hilo walikuwa na lugha ya jirani kinywani, shule ikawaagiza waiache getini.

Ajabu ni kwamba nchi hii iliwahi kufanya vingine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao walisoma shule za mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, sambamba na wenyeji. Zaidi ya watu 160,000 kati ya walowezi hao na vizazi vyao walikubaliwa uraia, na hati zao walianza kukabidhiwa 2014. Nilipofika Katavi nilikula chakula cha mchana na mwalimu wa kemia aliyezaliwa Mishamo. Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Nikamuuliza shule ilimsaidiaje kujua alikotoka. "Haikunisaidia," alisema, wala hakuwa na kinyongo. Burundi aliisoma kwenye jiografia, ukurasa mmoja na nusu, mazao na mito. Kirundi alifundishwa na bibi yake usiku. Nikamuuliza angechagua ipi, shule yake au zile za Nyarugusu. Akasema yake, kwa sababu leo ana kazi. Kisha akaongeza kwamba anawaomba wanafunzi wake wa Kirundi na wa Kifipa waeleze jinsi wazee wao walivyoyeyusha chuma au wanavyochachusha pombe, ndipo anapoanzisha mada. Wafipa, kwa wasiojua, walikuwa mafundi chuma wa kutajika, na tanuri zao ndefu za udongo bado zinaonekana Ufipa.

Mang'ola

Nilimalizia kaskazini, kando ya Ziwa Eyasi, kwa makusudi. Mama yangu Mgogo, baba Mnyakyusa, na nyumbani tulisema Kiswahili tu. Mimi ni zao la ile nchi iliyoamua mwaka 1967 kwamba shule ya msingi ni Kiswahili, na ambayo haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka huo. Naisifia sera hiyo mbele ya Wakenya bila aibu. Mang'ola ndipo sifa hiyo inapopata mtihani wake.

Vitunguu vimelileta kila kabila hapa. Lakini hata kabla ya vitunguu, bonde hili lilikuwa na Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kinilo, Wanyisanzu ambao ni Wabantu, na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijapata ndugu popote duniani kwa uhakika. Mgeni anayesafiri hadi London au Toronto kuona darasa la tamaduni nyingi angeweza kushukia Karatu na kupanda hiace.

Darasani hakuna dalili ya hayo. Ubao, ramani, picha ya Rais, "Juma ana machungwa 12". Wahadzabe walikuwa wachache, wa bweni, wamekaa pamoja nyuma. Watu wao wote hawazidi sana elfu moja, baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, mizizi, ubuyu na asali, na wenzao darasani huwatania kwa kuwaigiza vidoko. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, mwenyeji wa Singida, alikuwa amefikia kutegemeana kwa viumbe hai. Kitabu kilitoa mfano wa nyuki na maua. Akafunga kitabu, akamuuliza mvulana wa Kihadzabe: ninyi mnapata vipi asali? Mvulana akasita. Halafu akasimulia, kwa Kiswahili kilichokatikakatika, kuhusu ndege anayewaita watu, anayeruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga, na jinsi mtu anavyompigia mluzi kumjibu. Mtu anafukiza, anachukua asali, ndege anakula nta na majana. Wanasayansi wamemwandika sana ndege huyu. Mvulana alimjua kwa sauti. Darasa lilikuwa limenyamaza, kisha Mwiraqw mmoja akauliza swali, Mdatoga akauliza la pili, na maswali hayakuisha mpaka kengele.

Mwalimu hakuita kipindi hicho kwa jina lolote maalumu. Alipata mfano bora kuliko wa kitabu, akautumia. Muhula uliofuata aliniambia kwa simu kwamba mvulana hakurudi bwenini baada ya likizo. Chakula cha bweni, umbali, utani wa wenzake: sababu anazijua, na kipindi kimoja kizuri hakiziondoi. Hilo nalo liandikwe.

Nimesikia watu wakisema elimu ya tamaduni nyingi ni mzigo mwingine juu ya mwalimu mwenye watoto mia. Nilichokiona ni kinyume: mwalimu wa Kakuma alipunguza kazi yake siku aliyoacha kusahihisha hesabu zilizokuwa sahihi. Kwa upande wa sera, hukumu yangu ni hii. Njia ya Kasulu inamlinda mtoto na kumtenga, ya Kakuma inamkutanisha na wenzake na kumpoteza kwenye daftari, na kama ningelazimishwa kuchagua ningechukua ya Kakuma pamoja na wasaidizi wa Nakivale. Vyuo vyetu vya ualimu vina jambo moja vinaloweza kuanza nalo mwaka huu. Mwanachuo apangiwe mafunzo kwa vitendo mahali asipojua lugha ya wenyeji, na pamoja na maandalio ya somo aandike taarifa ya watoto kumi: wanaitwaje nyumbani, wanahesabu kwa lugha gani, waliwahi kusoma wapi na kwa njia ipi, na wanajua nini ambacho kitabu hakina. Wakufunzi wazisome taarifa hizo na kuzitolea maksi kama zile za maandalio. Wiki za mafunzo kwa vitendo tayari zipo kwenye ratiba. Kitakachoongezeka ni nauli.